Tulitoka Wapi? Tuwaulize Wazee Wangali Hai

Katonga ni mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Uko kusini ya mji wa Kigoma, karibu na Bangwe. Ujiji nayo haiko mbali. Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wavuvi huingia ziwani na taa zao. Ukisimama ufukoni utaziona taa hizo zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Asubuhi dagaa na migebuka huletwa nchi kavu. Dagaa huanikwa juani, na wanunuzi huja.

Sikiliza watu wanavyosema hapo mwaloni. Wote husema Kiswahili. Lakini ukitega sikio utasikia pia Kiha, Kibembe na Kirundi. Huyu asili yake ni Wajiji, wenyeji wa zamani wa Ujiji. Yule bibi yake alitoka Maniema, ng'ambo ya ziwa. Mwingine wazazi wake waliteremka kutoka Kasulu. Mwingine baba yake alikuja na reli kutoka Tabora. Wote wanavua ziwa moja. Watoto wao wanasoma darasa moja. Wanaoana na wanazikana.

Hata hivyo, siku ya ugomvi utasikia neno baya. Watu wakigombania kiwanja, au wakigombania uongozi, mmoja atamwambia mwenzake: "Wewe si wa hapa. Rudi kwenu."

Neno hilo linauma. Tena mara nyingi mwenye kulitamka hajui babu yake mwenyewe alifika hapa lini, wala kwa njia gani.

Katika makala hii tutaeleza njia ya kupata habari hizo. Njia hiyo ni kuwauliza wazee, kuyaandika maneno yao, na kuyapima.

VITABU HAVIKUANDIKA HABARI ZA WOTE

Kila mtoto wa shule amesikia kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871. Kabla yao Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Wazungu hao waliandika vitabu vikubwa. Lakini waliandika zaidi juu ya safari zao wenyewe, na juu ya wafanyabiashara wakubwa waliowapokea.

Wafanyabiashara wakubwa nao walikuwa na sauti. Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa mpaka ndani ya Kongo, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Leo tunaweza kuzisoma.

Je, wapagazi waliobeba pembe hizo walikuwa akina nani? Wanawake waliotekwa wakaletwa Ujiji kwa mitumbwi walikuwa akina nani? Wavuvi waliowavusha? Hao hawakuandika kitabu. Majina yao machache tu yamo katika vitabu vya wengine.

Serikali za kikoloni nazo ziliandika habari za watu. Lakini zilitaka hasa kujua nani atalipa kodi na nani atafanya kazi. Baada ya Uhuru, sensa ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwauliza wananchi kabila lao. Sensa zilizofuata hazikuuliza. Jambo hilo lilikuwa na maana nzuri: tuhesabiwe kama Watanzania. Lakini maana yake pia ni kwamba mtu akitaka kujua watu wa Katonga walitoka wapi, hawezi kuliona jibu katika hesabu za serikali.

Jibu liko katika vinywa vya wazee. Na wazee wanaondoka mmoja mmoja.

HISTORIA YA MASIMULIZI NI NINI?

Historia ya masimulizi ni historia inayopatikana kwa kuwasikiliza watu. Iko ya aina mbili.

Aina ya kwanza ni mambo ambayo msimulizi aliyaona mwenyewe. Kwa mfano, mzee anaeleza jinsi yeye na majirani zake walivyohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Kigoma, mwaka 1972.

Aina ya pili ni mambo ambayo msimulizi hakuyaona. Aliambiwa na babu yake, na babu naye aliambiwa na babu yake. Hayo huitwa mapokeo.

Aina zote mbili zina faida. Lakini lazima tuzitenge. Aliyeona na aliyeambiwa hawapimwi kwa mizani moja.

Zamani wasomi wengi wa Ulaya walidharau masimulizi. Walisema mahali pasipo na maandishi hapana historia. Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, aliwapinga. Mwaka 1961 alitoa kitabu cha kueleza jinsi mapokeo yanavyoweza kupimwa kwa uangalifu, kama vile maandishi yanavyopimwa.

Hapa kwetu pia kazi hiyo imefanyika. Isaria Kimambo alizunguka Upare akiwasikiliza wazee wa koo mbalimbali. Mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya Wapare kilitolewa. Katika miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa nchi. Waliwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wazee wengine walikuwa wameviona vita hivyo kwa macho yao. Kabla ya hapo, habari nyingi zilizoandikwa zilikuwa za Wajerumani. Sasa watu waliopigana nao walipata nafasi ya kusema.

Watu waliohamishwa kwa nguvu nao wamewahi kusikilizwa. Mwaka 1934 kitabu cha Kiswahili kinachoitwa Uhuru wa Watumwa kilitolewa. Mwandishi wake ni James Mbotela wa Freretown, Mombasa. Baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa. Na upande wa Mbeya ya leo, mmisionari wa Kijerumani, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika maisha ya wanawake kama walivyoyasimulia wenyewe. Mmoja wao aliitwa Narwimba. Baada ya kufiwa na mume wake alihangaika kutafuta mlinzi, kwa ajili yake na watoto wake, katika siku za vita na utumwa. Narwimba hakuwa malkia wala mfanyabiashara mkubwa. Lakini kwa sababu mtu mmoja alimsikiliza na kuandika, leo tunamjua.

JINA LA WAMANYEMA

Tutazame sasa mfano wa hapa hapa kwetu. Wengi katika Kigoma na Ujiji huitwa Wamanyema. Jina hili limetoka wapi?

Maniema ni nchi iliyo magharibi ya ziwa. Leo ni mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mji wake mkuu ni Kindu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilifika huko kutoka pwani, kwa kupitia Tabora na Ujiji. Watu wengi wa Maniema walitekwa wakaletwa huku. Wengine walikuja kwa hiari yao, kuwa wapagazi, askari wa misafara au wafanyabiashara wadogo.

Watu hao hawakuwa wa kabila moja. Kila mmoja alikuwa na kwao na lugha yake. Lakini walipofika Ujiji waliitwa wote kwa jina moja: Wamanyema. Hata baadhi ya watu waliotoka sehemu nyingine za Kongo waliitwa hivyo.

Mwanzoni jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake. Lilimkumbusha mtu utumwa. Tena wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba Wamanyema ni wala watu. Watu wenyewe hawakupewa nafasi ya kujibu katika vitabu hivyo.

Basi wenyewe walifanya nini? Wengi walijifunza Kiswahili. Wengi waliingia katika dini ya Kiislamu. Walivaa nguo za namna ya pwani. Vijana wengi waliofuata misafara walijiita waungwana. Muungwana ni mtu aliye huru. Baadhi yao walikuwa bado chini ya mabwana, lakini walilichagua jina hilo ili wasidharauliwe. Mpaka sasa Kiswahili cha upande wa mashariki ya Kongo kimewahi kuitwa Kingwana. Jina hilo linatokana na hao waungwana.

Miaka ilipita. Wamanyema walikaa Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam. Walisaidiana katika ndoa na misiba. Pale Kariakoo, Dar es Salaam, msikiti mmoja unaitwa Msikiti wa Manyema. Jina lililokuwa la dharau likawa jina la watu wenye heshima na umoja wao.

Tunajifunza nini hapo? Tunajifunza kwamba jina la kabila halikushuka kutoka mbinguni. Watu hulipewa, hulikataa, hulibadili, na hulipa maana mpya. Ukimwuliza mtu, "Wewe kabila gani?" atakujibu kwa neno moja tu. Ukimwuliza, "Wazee wako walifikaje hapa?" atakueleza historia nzima.

JINSI YA KUULIZA

Soma mazungumzo haya. Tumeyatunga ili yawe mfano wa kujifunzia. Kijana mmoja wa darasa la kisomo amekwenda kwa bibi yake na daftari.

Kijana: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Karibu.

Kijana: Bibi, ninaomba unieleze jinsi ulivyofika hapa. Ukipenda nitaandika. Usipopenda nitasikiliza tu.

Bibi: Andika. Mimi nilikuja na mama yangu katika mtumbwi. Nilikuwa mdogo, sijavunja ungo.

Kijana: Mlitoka wapi?

Bibi: Ng'ambo, Ubembe.

Kijana: Kwa nini mliondoka?

Bibi: Kulikuwa na vita. Baba alibaki nyuma. Hakuja tena.

Kijana: Pole, bibi. Vita hivyo uliviona mwenyewe, au uliambiwa?

Bibi: Sikuona watu wakipigana. Nilisikia bunduki usiku. Mengine aliniambia mama baadaye.

Kijana: Mlipofika, ziwa lilikuwaje?

Bibi: Maji yalikuwa yamejaa mno mwaka ule. Mtumbwi tuliufunga juu kule, penye ule mwembe.

Kijana: Nani aliwapokea?

Bibi: Mama mmoja wa Kiha. Alitupa chumba, akampa mama yangu jembe. Mama alimwita dada mpaka alipokufa. Mimi nikamwita mama mkubwa. Ndiyo sababu wewe unamwita binti yake bibi, ingawa mimi naye hatukuzaliwa tumbo moja.

Umeona alivyouliza? Kwanza aliamkia na kuomba ruhusa. Pili hakumtia bibi maneno mdomoni. Hakusema, "Si kweli kwamba mlikimbia kwa sababu ya fulani?" Aliuliza swali fupi, kisha akanyamaza. Tatu alitenga mambo aliyoyaona bibi na mambo aliyoambiwa. Nne aliuliza habari ya ziwa. Kwa nini? Tutaona.

Tazama pia jibu la mwisho. Kijana alikuwa anamwita mama fulani "bibi" tangu utoto wake, bila kujua sababu. Sasa ameijua. Udugu ule haukutoka kwenye damu. Ulitoka kwenye chumba kimoja na jembe moja. Hakuna karatasi ya serikali iliyoandika jambo hilo.

JINSI YA KUPIMA

Mzee akisema jambo, tusiseme papo hapo kuwa ni kweli tupu. Wala tusiseme kuwa ni uongo. Tulipime.

Wazee wengi hawataji miaka kwa tarakimu. Lakini wanakumbuka mambo makubwa, nayo mambo hayo yana miaka yake. Haya ni baadhi ya mambo ambayo yanaweza kutusaidia hapa Kigoma:

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914.

Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916. Walikaa mpaka mwaka 1921, ndipo Waingereza wakaitawala.

Meli ya Liemba ililetwa na Wajerumani, nao waliita Graf von Götzen. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Iliopolewa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Ziwa lilijaa sana kuanzia mwaka 1961, likafika juu kabisa mwaka 1964.

Vita vilitokea mashariki ya Kongo mwaka 1964. Vingine vilitokea mwaka 1996.

Warundi wengi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, na tena mwaka 1993.

Sasa rudi kwa yule bibi. Alisema kulikuwa na vita ng'ambo. Alisema pia kwamba maji yalikuwa yamejaa mno. Mambo hayo mawili yanakutana karibu na mwaka 1964. Alisema alikuwa hajavunja ungo. Basi labda alikuwa na miaka kumi hivi, na alizaliwa karibu na mwaka 1954. Bibi hakutaja mwaka hata mmoja, lakini maneno yake yametupa mwaka.

Ziwa linatusaidia hata kwa habari za zamani zaidi. Mzee wa Ujiji anaweza kusema kwamba babu wa babu yake alifunga mtumbwi mahali ambapo leo pana nyumba na njia. Kijana atacheka. Asicheke. Karibu na mwaka 1878 maji ya ziwa yalikuwa juu sana. Kisha yalipita kwa nguvu katika mto Lukuga, upande wa Kongo, na ziwa likashuka. Ufuko ukasogea. Leo jiwe la kumbukumbu ya Livingstone, pale Ujiji, liko mbali na maji, ingawa alipokuwapo yeye ziwa lilikuwa karibu. Kwa hiyo mapokeo ya mzee yule yanapatana na historia ya ziwa.

Njia nyingine ya kupima ni kuuliza watu zaidi ya mmoja. Waulize watu wa nyumba mbalimbali. Waulize wanaume na wanawake, tena mbalimbali. Mtafiti Sheryl McCurdy alizungumza na wanawake wa Kimanyema wa Ujiji katika miaka ya 1990. Alisikia habari za uzazi, afya na ndoa. Habari kama hizo mwanaume akiulizwa peke yake hawezi kuzieleza zote.

Masimulizi yakitofautiana, usifute moja. Andika yote mawili, na ueleze nani kasema lipi. Labda kila mmoja alisimama mahali pake akaona upande wake.

Mfano mmoja kutoka nchi za mbali utatuonya. Huko Marekani wako watu wengi ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Magharibi. Mmoja wao, Alex Haley, alitaka kujua asili yake. Alifuata maneno yaliyosimuliwa katika nyumba yao, mpaka akafika kijiji cha Juffure, nchini Gambia. Hapo mzee mmoja alimsimulia habari za Kunta Kinte. Mwaka 1976 Haley alitoa kitabu, na kikasomwa duniani kote. Wamarekani weusi wengi walipata moyo wa kutafuta habari za wazee wao. Lakini baadaye wataalamu walipopima waliona mashaka. Ilionekana kwamba watu wa kijiji walikwisha jua mgeni wao anatafuta nini kabla hajasimuliwa. Basi nia ilikuwa njema, na hamu ya kujua asili ilikuwa ya kweli. Upimaji ndio uliopungua.

MAMBO YANAYOUMA

Katika kazi hii utakutana na mambo mazito. Mzee anaweza kunyamaza ghafla. Anaweza kubadili mazungumzo.

Jambo moja zito ni utumwa. Katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kabisa na sheria mwaka 1922. Kwa hiyo wako watu wanaoishi leo ambao bibi zao walizaliwa katika utumwa. Nyumba nyingi hazipendi kulitaja jambo hilo, kwa kuogopa kuchekwa au kunyimwa mchumba.

Tukumbuke kwamba aibu si ya aliyetekwa. Aibu ni ya aliyemteka na kumwuza. Lakini hata hivyo siri ni ya mwenyewe. Mtu akikataa kusema, mwache. Akisema kisha akaomba usiandike, usiandike. Akikubali uandike bila jina lake, ficha jina lake.

Jambo jingine zito ni ukimbizi. Mtu aliyevuka ziwa usiku kwa kuokoa roho yake hawezi kueleza kwa furaha. Usimharakishe. Akilia, funga daftari.

Tena ni mwiko kutumia maneno ya mzee katika ugomvi. Ukiambiwa na bibi wa jirani kwamba wazee wake walitoka ng'ambo, usiende kulisema neno hilo siku ya kugombania kiwanja. Ukifanya hivyo hakuna mzee atakayekuambia neno tena. Nawe utakuwa umevunja amana.

FAIDA YAKE KWETU

Wengine watauliza: Je, tukianza kuchimba asili za watu hatutaleta ukabila? Swali hili ni la haki.

Jibu letu ni hili. Ukabila unaota vizuri mahali penye ujinga. Mtu anayefikiri kwamba wazee wake walikuwapo hapa tangu dunia kuumbwa ndiye mwepesi wa kumwita mwenzake mgeni. Akijua kwamba babu yake naye alifika na bahasha ya nguo kichwani, akapokelewa na mtu asiyemjua, ulimi wake utakuwa mzito.

Methali inasema: Mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini asili ya mtu wa mwaloni haina mahali pamoja tu. Wazee wake walitoka mahali fulani, na hiyo ni asili yake. Kitovu chake kimezikwa hapa, na hiyo pia ni asili yake. Hakuna haja ya kuificha moja ili aipate nyingine.

Iko faida nyingine, na hii ni ya maisha ya kila siku. Kigoma ni mkoa wa mpakani. Mtu akiomba pasipoti au kitambulisho cha taifa huulizwa habari za wazazi wake. Wengi hujikuta hawana jibu, kwa sababu waliopaswa kulijua wamekwisha kufa.

Tuseme wazi: masimulizi hayageuzi sheria. Uraia una sheria yake, ambayo ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Hadithi nzuri haimfanyi mtu kuwa raia. Lakini aliyewauliza wazee mapema anajua baba yake alizaliwa kijiji gani, na nani ni shahidi. Tena mazungumzo mara nyingi huamsha karatasi zilizolala. Mzee akiwa anaeleza, atakumbuka kwamba ndani ya sanduku iko stakabadhi ya kodi ya zamani, au cheti cha ubatizo, au cheti cha ndoa. Karatasi hizo zitunzwe vizuri.

Na tukumbuke kwamba mtu anaweza kuwa Mtanzania bila kuzaliwa na Watanzania. Kati ya Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972, na watoto wao, zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Wengi walikuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 walianza kupewa vyeti vyao. Watu hao wana historia mbili: ya kule walikotoka, na ya mashamba waliyoyafungua hapa kwa jembe. Zote mbili zinastahili kuandikwa.

TUANZE NAMNA GANI?

Darasa la kisomo linaweza kuianza kazi hii bila fedha nyingi. Linahitaji daftari moja kubwa, kalamu na subira.

1. Kubalianeni kwanza. Mwelezeni mwenyekiti na wazee kazi hii ni ya nini. Kusiwe na jambo la siri.

2. Anzeni na wazee sana na wagonjwa. Wenye nguvu wanaweza kungoja wiki mbili. Hao hawawezi.

3. Nendeni wawili wawili. Mmoja aulize, mwingine aandike. Mwenye simu ya kunasa sauti aitumie, akiruhusiwa.

4. Andikeni maneno kama yalivyosemwa. Mzee akisema neno la Kiha au la Kibembe, liandikeni hivyo hivyo, kisha mtoe maana yake kwa Kiswahili.

5. Andikeni tarehe, mahali, na jina la msimulizi kama amekubali.

6. Rudini mumsomee. Hapo atasahihisha. Hapo pia ndipo mzee asiyejua kusoma atayasikia maneno yake yakitoka kwenye karatasi.

7. Chagueni mtu mwaminifu wa kutunza daftari. Lisiwekwe sakafuni, kwa sababu ya mchwa na maji.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika umepata chombo. Kwa chombo hicho unaweza kuandika barua na kusoma bei ya dukani. Unaweza pia kuandika jina la mama aliyempokea bibi yako usiku ule, ili wajukuu wa wajukuu walijue.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Historia ya masimulizi ni nini? Taja aina zake mbili.

2. Kwa nini kijana alimwuliza bibi yake habari ya ziwa?

3. Jina la Wamanyema lilipataje maana mpya?

4. Wazee wako walifika hapa kwa njia gani: kwa mtumbwi, kwa miguu, au kwa reli? Nani aliwapokea? Kama hujui, ni nani anayeweza kukuambia?

5. Msimulizi akikuomba usiandike jambo fulani, utafanya nini?